Flai Yako Imeonja Chumvi, Adhiambo

Adhiambo,

Flai yako, ile ndoano uliyoivika manyoya, nimevua nayo baharini, na imeshika samaki. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa na subira ya salamu ndefu. Barua ikianza na habari za mvua, wewe ulikuwa ukiiweka chini ukarudi kwa kazi. Basi mvua iko, majani chai yako, watoto wako wako kwa dada yako na wanasoma. Sasa tuendelee.

Tangu tukuzike kule kwenu kando ya ziwa, kila mtu amekuwa na maoni kuhusu hiyo flai. Mume wangu Wesley alinunua fremu ya kioo pale Kericho. Alitaka kuitundika sebuleni, kati ya picha ya harusi yetu na kalenda ya kanisa. "Ni kumbukumbu," akaniambia kwa upole, na unajua upole wa huyo mtu huniudhi kuliko kelele. Msimamizi wetu wa karakana ya kufunga flai naye, aliposikia ninayo, alisema kila kilichofungwa na mkono wa mfanyakazi wake ni mali ya karakana. Nikamwambia mkono wako umeshazikwa. Alikohoa akaenda zake.

Nilikataa fremu. Nilikataa na msimamizi. Wewe uliniambia maneno mafupi, kifua kimekubana, vaisi yako, kile chuma cha kubana ndoano, imefungwa kwa stuli kando ya kitanda: "Hii usinizike nayo, na usiifungie kabatini. Hii ikaoge chumvi." Ulinipa ndani ya mkebe wa vaselini, ukageuka ukalala. Sikupata neno lingine kutoka kwako, Adhiambo. Ningejua, ningekuamsha, hata kama ungenitukana.

Unakumbuka ile siku ulihamishwa meza? Ilikuwa msimu wa oda za flai za bahari, kule kwa wazungu joto linaelekea kuisha na kila mtu anataka kwenda kutembea kwa maji ya chumvi yanayofika kifundo cha mguu, na fimbo nyembamba, akitupa ndoano tuliyoivika manyoya ifanane na kamba wa baharini. Sisi tulifunga hao kamba mpaka macho yakauma, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona bahari. Nikauliza tu, hawa kamba wanatembea mbele ama nyuma? Msimamizi akasema, "Nyinyi fungeni. Kuvua ni kwa wenyewe." Ukaweka uzi chini, mbele ya wanawake wote, ukamuuliza, "Wenyewe ni akina nani?" Akanyoosha kidole kule nyuma. Alikuwa na meza moja tupu karibu na mlango wa choo, na hapo ndipo ulikaa tangu siku hiyo. Ulifunga huko ukiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ili asisahau uko.

Kila flai iliingia kwa katoni. Ukipatikana na moja mfukoni, unaenda nyumbani. Ndiyo maana yako uliitengeneza na vitu ambavyo hakuna mtu angeweza kusema ni vyake: manyoya ya kuku wako mwekundu, nywele za mkia wa ndama wangu wa kwetu Roret, shanga mbili za mkufu wa mama yako ziwe macho. Na ndoano ya zamani ya mtoni. Hiyo ilitoka kwa baba yako, aliyekuwa mpishi wa meneja mzungu kule kwa mashamba ya chai; meneja alipoondoka akamwachia mkebe wa ndoano na fimbo iliyopasuka ncha. Tuliifunga ncha na uzi wetu, tukaipaka vanishi. Jumapili baada ya kanisa tulisimama kwa uwanja wa shule ya nasari tukitupa mshipi, tukilenga kifuniko cha sufuria, na watu wakipita wanauliza kama tunafukuza nyuki.

Basi shule zilipofungwa Agosti, nikasema naenda. Ndugu yake Wesley ni polisi, wamempeleka pwani ya kusini, na alikuwa ametualika tangu zamani. Lakini aliposikia sababu akabadilika. "Mwanamke Mkipsigis, mtu wa ng'ombe, na samaki, wapi na wapi?" Nikamwambia akumbuke omena, wale dagaa wa ziwa, aliyokula kwa nyumba yako akaomba na ya kubeba. Akauliza tutafika lini. Nikafunga fimbo kwa gunia, nikaenda, Wesley akifuata na watoto na uso wa mtu anayepelekwa kwa daktari wa meno.

Sasa sikiliza. Nilifika bahari haiko.

Hakuna mtu aliyewahi kutuambia kwamba bahari huondoka. Asubuhi nilitoka nyumba ya shemeji nikiwa tayari, nikapata mchanga tu, vidimbwi, na majani meusi yananuka. Nilisimama na fimbo yangu nikidhani nimekosea njia. Kulikuwa na mama mmoja anatafuta pweza kwa kijiti chenye ncha, Bi Saumu, mtu mzima, mguu mwepesi. Nikamuuliza, "Mama, maji iko wapi?" Alicheka Kiswahili changu kwanza, akamaliza, ndipo akajibu. "Yako njiani, mwanangu. Wewe watoka bara gani?"

Nikamwonyesha flai. Akaigeuza kiganjani. "Manyoya ya kuku?" akasema. "Samaki wa huku hawali kuku." Ungempenda huyo mama. Nikamwambia kuna ndama pia. Akatikisa kichwa, lakini hakuondoka. Alinifundisha kuburuta miguu mchangani nisije nikakanyaga taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani, na kungoja maji yakianza kurudi, kwa sababu samaki kolekole wadogo huja nayo wakitafuta chakula mahali palipokuwa pakavu.

Maji yakarudi. Yalikuja polepole bila makelele, mpaka kifundo cha mguu, yakiwa maangavu nikaona vidole vyangu. Upepo ulikuwa wa ubavuni. Mara ya kwanza nilinasa kitambaa changu cha kichwa, Bi Saumu akakaa juu ya jiwe acheke vizuri. Mara ya pili mshipi ulianguka wote miguuni. Nikakasirika. Nikasikia vile ulikuwa unanipigia kelele pale nasari, ukiniita binti wa Roret kwa Kijaluo: "Ngoja, nyar Roret! Ungoje mshipi unyooke nyuma kwanza!" Nikangoja. Ukanyooka. Flai ikaenda mbali kuliko ilivyowahi kwenda, ikazama, nikaivuta kidogo kidogo kwa vidole, nikijiuliza bado kama kamba hutembea mbele ama nyuma.

Kitu kiliishika kwa nguvu nikadhani nimekwama kwa mwamba. Halafu mwamba ukakimbia. Kolekole, si mkubwa kupita kiatu cha Wesley, lakini alichukua mshipi nikabaki nalia na kuita jina lako kama mwendawazimu. Bi Saumu akauliza, "Adhiambo ndiye nani?" Nikamwambia, "Ndiye aliyemshika." Hakuuliza tena. Alinisaidia kumtoa ndoano mdomoni.

Wazungu, nasikia, humrudisha majini. Sisi tulimla. Bi Saumu alimpika na nazi, na mimi niliyekuwa nikichokora miiba kwa meza yako kama kuku nilianza na kichwa, vile ulinifundisha, na macho nikala. Hata shemeji alipewa kipande. Alilamba vidole na hakusema lolote juu ya Wakipsigis.

Sasa ndiyo nifike mahali pagumu.

Flai niliifuta kwa kitambaa nikairudisha kwa mkebe, kama watu wanavyofanya wakitoka mtoni. Nani Kericho anaogopa maji? Hizo ndoano za bahari tumezifunga miaka yote, ziking'aa, za aina yake, na hakuna siku mmoja wetu aliuliza kwa nini si kama zingine. Nilirudi kazini, saa ya chakula nikaita wanawake wote wa meza yetu, nikafungua mkebe kwa maringo. Kutu ya chumvi. Ndoano ilikuwa imekuwa kahawia, imevimba, imepaka manyoya rangi ya matope. Nilipoigusa ikakatika. Mmoja akaanza kulia. Jioni Wesley aliangalia, akaangalia ukuta mahali fremu ingekaa, akasema, "Ningeiweka kwa kioo ingekuwa bado nzima." Adhiambo, nilimwangalia huyo mume wangu nikatamani kumpiga na sufuria.

Ingekuwa nzima, ndiyo. Na ingekuwa haijafanya kazi. Wewe pia, ungefunga tu bila kuuliza swali, ungekaa meza nzuri karibu na dirisha. Niliumia, sitakudanganya. Nilikaa jikoni nikaumia mpaka chai ikapoa. Lakini nilipopangusa ile takataka nikaona nywele za ndama bado ni nywele, na shanga zinaniangalia zote mbili. Kutu ilikula chuma tu.

Kesho yake saa ya chakula nikakaa kwa meza yako, ile ya mlango wa choo. Nikachukua ndoano moja ya bahari, inayong'aa, wazi, kila mtu anaona. Nikaanza kufunga: nywele za ndama, shanga zako. Msimamizi akaja akasimama juu yangu.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya Adhiambo."

"Adhiambo alikufa."

"Najua," nikasema, na sikuacha kuzungusha uzi. Karakana nzima iligeuka kutazama. Nilikuwa nimeshapanga la kumwambia akinifukuza, na lilikuwa refu. Alisimama pale mpaka nikafika kichwani, kwa fundo la mwisho. Kisha akasema, "Ukimaliza rudi kwa kazi," akaenda. Wenzangu wawili walihamisha stuli zao wakaja kukaa karibu na choo, na kuanzia hapo huko nyuma kumejaa.

Agosti ijayo hao wawili nao wanakuja. Wameanza kutupa mshipi pale nasari. Wanatisha, mmoja alinasa nguzo ya goli. Bi Saumu anatungoja, na nitamwambia wewe ndiye nani, yote.

Oriti, Adhiambo, kwaheri. Lala kwenu vizuri. Flai yako itavua mpaka nywele ziishe, na zikiisha ndama amekua, mkia anao. Na safari hii, nikitoka majini, nitaisuuza chumvi.

Wako,
Chepkorir