Kahawa ya Kishanda Katikati ya Roma

Roma, Jumapili

Miguu inauma, lakini sijutii. Leo Bwana aliyetuleta kutoka Tanganyika, mimi nibebe mizigo na mke wangu Justina alee watoto wake, alituruhusu kutembea mjini kwa mara ya kwanza. Akaonya, "Tazameni tu. Msikae popote."

Tulitazama makanisa ya kale mpaka shingo zikachoka. Kisha Justina akaketi kwenye meza ya mkahawa, nje kabisa.

"Inuka, Bwana atatufukuza," nikamwambia.

"Baba Koku, kwetu mgeni huketi akapewa kahawa. Wewe simama kama mlingoti wa bendera bomani."

Nikaketi. Mhudumu akawa anatupita tu kana kwamba hatupo. Justina akafungua kitambaa, akatoa kahawa zetu za kutafuna, zilizokaushwa kijijini kwetu Kishanda, akamnyooshea mhudumu kwa mikono miwili. Mhudumu akachukua punje moja, akatafuna, akakunja uso. Hakutuondoa.

Ndipo Bwana akatokea. Alisimama mbele yetu akingoja tuinuke. Justina akamkaribisha kahawa.

Huenda kesho sina kazi, na nauli ya kurudi nyumbani iko mkononi mwa Bwana. Naogopa kweli. Lakini tulitafuna mpaka zikaisha, na aliyeondoka kwanza ni yeye.