Nimekusikia Wewe

Kwa dada yangu uliye mbali,

Sisi wazima, ila Bibi. Mlango wa jikoni bado unakwama, na kaka ameikalia tena miwani yake.

Dada, nina la kuungama. Yule mhubiri mgeni hajui Kiswahili, kwa hiyo kanisani mimi ndiye ninayemtafsiria. Jumapili iliyopita alisema mwenye imani atupilie mbali dawa zake. Nilijua si kweli, lakini unajua nilivyo na aibu. Nikatafsiri hivyo hivyo. Tulipofika nyumbani, Bibi alimwaga vidonge vyake vya presha chooni.

"Bibi, yule anadanganya!"

"Yule simwelewi hata neno, mjukuu wangu. Nimekusikia wewe."

Vipya nimemletea, hataki. Sasa anatembea kwa kushika ukuta.

Barua ya Yuda inawaita walimu wa uongo nyota zilizopotea njia, zilizowekewa giza. Nilidhani ni yule mhubiri. Lakini kila nikifumba macho naiona nyota hiyo, nayo inaongea kwa sauti yangu.

Kesho kanisani nitasimama tena kando ya mhubiri. Akifungua mdomo, sitamtafsiri. Nitasema, "Bibi, nilikupotosha mimi. Meza dawa." Vidonge ninavyo mfukoni.

Mdogo wako