Baba na Skrini ya Kumi na Sita kwa Tisa

Jumamosi. Baridi ya Julai imekaa juu ya Mogitu na mlima haujaonekana tangu asubuhi. Nimetulia, ingawa sijui kama nastahili.

Mama alifika jana kutoka Masieda na maharage mapya. Leo baada ya chai nilifungua kompyuta nipange maswali ya mtihani wa wanafunzi wangu. Baba akajaa skrini nzima, kwenye picha niliyoiweka nyuma ya mafaili: uso, kofia, mabega. Tulimzika mwaka jana. Mama akasogea, akatazama kwa muda.

"Miguu yake iko wapi?"

Nikamweleza. Skrini yangu ni pana, pikseli 1920 kwa 1080, yaani kumi na sita kwa tisa. Picha niliipiga kwa simu ikiwa wima, tatu kwa nne. Ukitaka ijaze skrini bila kumnenepesha mtu, unakata juu na chini, zaidi ya nusu ya picha.

"Kwetu mtu hapigwi picha nusu," mama akasema. "Pale shambani ulipompiga picha alisimama mzima. Nionyeshe hiyo nzima."

Sina.

Nilipoikata, miezi minne iliyopita, niliihifadhi kwa jina lilelile, ikafuta ile ya mwanzo. Simu niliyopigia picha hiyo ilishakufa. Na hiyo ndiyo picha ya mwisho ya baba. Mama hakunigombeza. Alirudi kuchambua maharage, na hilo lilinichoma zaidi.

Nikakumbuka kwamba kabla ya kuikata niliwahi kumtumia picha hiyo kaka yangu Paskali, aliyeko Basotu. Nikampigia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, msomi." Nikamweleza. Akacheka. "Umemkata mzee miguu kwa digrii ipi?" Kisha akatafuta kwenye simu yake. "Ipo. Ila ni ndogo, usiivute ikawa uji."

Ilikuja: 768 kwa 1024. Urefu wake unaingia kwenye skrini yangu, na nafasi kidogo inabaki. Sikuivuta hata pikseli moja. Nilitengeneza ukurasa mtupu wa 1920 kwa 1080, nikaupaka rangi ya udongo niliyoichukua humohumo kwenye picha, nikamweka baba katikati. Mafaili yangu nikayapanga pembeni.

Mama akaja na ungo mkononi.

"Mabuti yake!"

Moja jeusi, moja la kijani. Mama akacheka mpaka maharage yakamwagika. "Hilo la kijani ni la mjomba wako. Baba yako aliliazima siku moja ya mvua, hakulirudisha mpaka anakufa."

Sikuweza kucheka naye sawasawa.

Niandike ukweli, maana hapa daftarini hakuna wa kunikatiza. Siku niliyoikata picha, kompyuta ilinipa nafasi ya kuiweka picha nzima, weusi ukabaki pembeni. Niliiona nafasi hiyo. Nilikata kwa sababu ya mabuti. Kompyuta hii huwa naiunganisha na projekta darasani, na walimu wenzangu huingia na kutoka. Nilitaka wamwone baba mwenye uso mzuri na kofia, basi.

Mama nimemwambia habari za vipimo tu.

Jumatatu nina kipindi cha kwanza. Baba atatokea ukutani, mkubwa, na mabuti yake mawili, kabla sijafungua somo. Je, mkono wangu utaharakisha kumfunika?