Pafu la Kulia la Kemilembe

Jumatatu, 4 Juni 1951
Daktari Mzungu yuko safarini Bumbire. Wodi ya watoto ni yangu — hatimaye! Jioni wamemleta Kemilembe wa Kishanda, miaka mitatu, pamoja na mama yake Alistidia na bibi yake Kokubanza. Kifua kinapiga filimbi tangu juma lililopita. Kilianza ghafla, wageni wakiwa nyumbani. Muuguzi Sada anasema pumu. Pumu gani ya upande mmoja? Nimesikiliza mwenyewe: kushoto hewa inapita, kulia filimbi tupu. Kuna kitu kimeingia njia ya hewa. Nikauliza alikula nini. Karanga? Mahindi? Mfupa wa samaki? Hakula kitu, wanaapa wote wawili.

Jumanne, 5 Juni
Picha ya eksirei safi. Sada kanitazama kwa huruma. Anitazame tu! Sarafu ingeonekana, punje haionekani. Sibadili neno.

Jumatano, 6 Juni
Nimepata! Nilipita kitandani, bibi akanipokea kama mgeni wa nyumbani kwake: kikapu kidogo, kahawa ya kutafuna. Nikachukua, adabu ni adabu. Kemilembe naye akanyoosha mkono, akapewa punje yake kama kawaida. Nikaipokonya, nusura nimwangushe mtoto. Mbona hamkusema? Bibi akashangaa, akanijibu kwa heshima ya Kihaya.

"Uliuliza chakula, waitu. Kahawa si chakula, ni ya kupokelea wageni."

Nami mzaliwa wa Bukoba, sikuwaza! Nimecheka peke yangu ofisini. Simu ya maandishi imekwenda Kampala, kwa daktari mwenye bomba la kutolea vitu kifuani. Gari la kumpeleka huko ni kesho.

Alhamisi, 7 Juni
Filimbi imekoma. Baba mtu, Rugaibula, amefika alfajiri, kapiga magoti kumshukuru Mungu, na sasa wanafunga mizigo warudi Kishanda. Mtoto anacheka. Nikasikiliza kulia — kimya. Punje imevimba, imeziba kabisa. Wakiondoka naye, pafu litaoza, atakufa. Nimewaambia wazi. Naogopa, lakini sina shaka. Rugaibula kajibu kwa upole:

"Alipopiga filimbi ulisema mgonjwa. Amenyamaza, unasema mgonjwa zaidi. Kwako wewe atapona lini?"

Nikavua mipira ya kusikilizia kifua, nikamvika yeye masikioni. Nikamwonyesha pa kuweka: kwanza kushoto, kisha kulia.

Dereva wa gari la Kampala anapiga honi. Naandika hapa dirishani, maana nikiongeza neno nitaharibu. Rugaibula bado kainama. Kushoto. Kulia. Amewaashiria wanawake wanyamaze, anarudi kushoto tena.