Majaruba ya Udongo Uani

Mume wangu Salumu,

Marahaba. Hapa Kikuyu hatujambo. Babu yako amepata miwani mpya, sasa anaona vumbi lote nililokuwa namficha.

Umeniuliza ushike nafasi ipi ya utafiti: kupiga picha za ubongo, au kuunda mfano wa mishipa ya fahamu kwenye kompyuta, ambao unaogopa ni mchezo tu wa kubuni. Na jibu wanalitaka Ijumaa.

Nilipokuwa msichana kule Bahi, maji yaligoma kufika kwenye jaruba letu la mwisho la mpunga, miche ikaanza kunyauka. Kaka yangu Juma alishinda shambani akitazama.

"Maji yanaingia, lakini hayafiki," alitangaza, kama mtu aliyegundua kitu.

Mimi nikafinyanga majaruba yote kwa udongo uani, na matuta yake, nikamimina maji. Yakafika mpaka mwisho.

"Hongera," Juma akasema. "Basi tuhamishie mpunga uani."

Nikamwacha acheke. Kama kwangu yanafika na shambani hayafiki, basi shambani kuna kitu ambacho sikukifinyanga. Tukaenda kupapasa tuta moja moja, mpaka mkono wa Juma ukazama hadi kiwiko kwenye shimo la panya, lililokuwa likimnyweshea jirani mpunga wake. Tukaliziba, na mwaka ule tulikula wali.

Mfano wangu ulikosea, na kukosea kwake ndiko kulikotuonyesha pa kutafuta. Chukua kompyuta, mume wangu, ila usigombane na wapiga picha. Utahitaji mtu wa kuingiza mkono.

Mkeo mkubwa,
Bibi Mwajuma