Mjumbe Asiyeshuka Mtumbwini

Alhamisi, 6 Machi 2025

Luhende kanyonya mara tatu, kaachia, kanipiga kangumi kake kifuani. Sasa hivi tu. Wiki saba, na tayari ananigombeza!

Wifi Dorcas akamchukua, akamweka kwake. Kimya. Nasikia anavyomeza — gudu, gudu. Titi moja mwanawe Queen, la pili mwanangu! Akacheka: wifi, yako yana mgawo kama umeme. Nikacheka na mimi. Roho inaniuma mpaka sasa.

Nesi aliangalia vipimo vyetu vya kliniki, akasema Dorcas anaweza kunisaidia. Nilitaka aseme hapana. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 7 Machi

Tumetoka kliniki, hapahapa Pasiansi. Luhende kaongezeka kidogo. Mama mkwe akasema mbele za watu, hayo ni maziwa ya Dorcas! Eti Jumapili Dorcas akirudi kwake Kiseke aende na mtoto, mwezi mzima. Baba Luhende kapigiwa simu huko Nansio. Kasema mama akiona inafaa, sawa.

Sawa! Mtoto wangu — sawa!

Nikabaki nyuma na nesi Teodora. Shikamoo, mimi maziwa sina? Marahaba. Akaniminya taratibu, matone yakatoka. Unayo, mwanangu. Hayajaambiwa yatoke.

Akanieleza. Mtoto akinyonya, hata akilia tu, kichwani kwangu inatoka homoni, inapita kwenye damu mpaka kwenye matiti. Huko kuna seli zimeyazunguka maziwa, kazi yake kuyakamua. Ila homoni haiingii ndani ya seli. Inaishia kwenye ngozi yake ya nje, inakishika kitu kinaitwa kipokezi. Kipokezi ndicho kinachopeleka habari ndani, nayo inapokezanwa humo mpaka seli nzima inajikunja, maziwa yanaruka.

Mimi wa darasa la saba nikamkodolea macho. Akacheka. Yeye kwao Ukerewe. Akasema, mtumbwi wa dagaa ukifika asubuhi, mjumbe aliyemo hashuki. Anamwita mama mmoja tu pale mwaloni, ufukweni. Huyo anawaambia wawili, wale wanawaambia wengine, mara mwalo mzima umejaa mabeseni!

Na mimi mtumbwi wangu mbona haufiki?

Hofu inauchelewesha, akasema. Una nini moyoni?

Ningesemaje? Kwamba namwonea wivu anayemshibisha mwanangu?

Jumamosi, 8 Machi

Nimejaribu. Luhende kifuani, ngozi kwa ngozi, nahema polepole. Yakaja! Kidogo, lakini yakaja. Kisha Dorcas akapita mlangoni na kifua chake kile: vipi wifi, umeme umerudi?

Yakakata.

Nguo za Luhende zimeshawekwa kwenye begi la Queen.

Jumapili, 9 Machi

Dorcas yuko saluni, anamalizia kusuka. Akirudi, wanaondoka. Luhende kalala hapa kitandani, kanishika kidole cha mkono wa kushoto. Naandika kwa huu mwingine. Nimemnusa kichwa mara ngapi leo!

Queen kaamka sebuleni. Analia kile kilio cha njaa —

Eh! Blauzi! Imelowa pande zote mbili. Yanadondoka mpaka kwenye daftari. Hayajawahi kutoka hivi!

Na ni kwa mtoto wa Dorcas. Mwanangu alie wiki nzima, matone tu. Queen alie mara moja — mwalo mzima umejaa! Nicheke au nilie? Kumbe kipokezi kizima. Hakiulizi mtoto wa nani.

Mama mkwe anaita. Mama Luhende! Mtoto wa mwenzio anakauka koo, we umeziba masikio? Njoo umbebe!

Naja, mama. Aone mwenyewe blauzi hii, kisha alifungue lile begi, atoe nguo za mwanangu.

Lakini Luhende kwanza. Wivu sijauacha, niseme ukweli. Yeye aanze, na Queen huku upande wa pili, kama yatakuwa bado yanatoka. Nimemwinua. Hajafumbua macho, ila mdomo wake umeshafunguka, unalitafuta titi.