Mawe ya Msingi wa Nyumba Yako

Kakuma, Turkana
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Erupe,

Ejok! Joto la Mombasa linakutendeaje, na kile kifua kimepona? Usinijibu "niko sawa" kama kawaida yako. Nataka kujua kama unameza dawa. Sisi tu wazima, ila shangazi Akuwam magoti yanamsumbua. Mdomo haumsumbui hata kidogo.

Mvua bado. Mbuzi wamebaki wanne.

Sasa kaa chini kwanza. Kaunti inajenga soko jipya kando ya mto Tarach. Shangazi alikwenda ofisini kuwaambia kwamba pale kuna kaburi la Lokaale, babu wa babu yetu, yule aliyesimama mikutanoni akawapatanisha watu waliokuwa wakiuana kwa ajili ya visima, kabla mzungu hajakanyaga huku. Zamani jina lake likitajwa, hata wageni walinyamaza. Kijana wa ofisini akauliza, "Lokaale gani? Yule wa bodaboda?" Shangazi alirudi analia. Sijamwona akilia tangu mama afariki.

Hata hivyo mkubwa wao alikubali: tukiwaonyesha kaburi, watalizungushia ua na soko litaitwa kwa jina lake. Tusipowaonyesha, tarehe ishirini na nne greda linapita.

Tulikwenda Alhamisi. Vichaka vya miiba ya mathenge vimemeza kila kitu. Shangazi alihesabu hatua kutoka kwenye ule mwamba mweupe, akasema, "Hapa." Palikuwa na kokoto tu. Lile lundo la mawe la kufika kifuani, ambalo kila mpita njia aliliongezea jiwe na kuacha tumbaku kidogo, halipo! Shangazi akawalaani wezi mmoja mmoja.

Kaka, mwizi ni mimi. Unakumbuka uliponiagiza nianze msingi wa nyumba yako, nikajisifu kwamba nimepata mawe ya bure? Ndiyo hayo. Nililiona lundo ndani ya mathenge, halina tumbaku, halina jiwe jipya, nikadhani ni mabaki ya waliotengeneza barabara. Nikamwonyesha dereva wa tipa kwa kidole changu mwenyewe. Mama alitupeleka pale mara moja tu, mimi nikiwa na miaka sita, na hatukurudi tena, wala mimi wala wewe. Laiti mmoja wetu angeweka jiwe moja kwa mwaka, ningelitambua. Naona aibu.

Jana nilimwambia shangazi ukweli. Nilitarajia fimbo. Badala yake aliomba nimpeleke kwenye nyumba yako. Nyakuoth, yule mama wa Sudan Kusini uliyempangisha, alimtolea kigoda. Shangazi hakukikalia. Alipiga magoti yale yale mabovu, akaweka tumbaku kwenye msingi chini ya dirisha, akasema, "Lokaale, tumekuchelewa."

Nyakuoth aliponiuliza nikamweleza. Akasema, "Kama babu iko ndani ya nyumba, mimi nahama." Ameshafunga sufuria zake.

Naomba ruhusa yako nibomoe nyumba, mawe yarudi kaburini. Najua ulijinyima miaka saba kwa ajili ya nyumba hiyo. Barua hii anakuja nayo dereva wa basi. Ukiipata tu, nipigie. Ukikataa sitakununia, lakini greda halitatusubiri.

Nisalimie wifi Asekon, na umbusu mwanao Nakiru. Shangazi anawaombea mvua na maziwa, na mimi naitikia amina.

Ukikubali, njoo na Nakiru. Aokote jiwe huko huko Mombasa, dogo tu la kuingia mfukoni, aje aliweke kwa mkono wake. Siku akiulizwa Lokaale gani, awe na la kujibu.

Dada yako akupendaye hata ukikasirika,
Namuria